Ipi Inamalizika Haraka?

Mtoni, Dar es Salaam
25 Februari 1996

Mdogo wangu Abdulrahman,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Poona, na kama baridi imepungua basi tumshukuru Mungu. Sie tumefunga salama na Iddi imepita. Mama alipika biriani ya kuku mmoja kwa watu kumi na wawili, akaapa harudii tena, na mwakani utasikia karudia. Anakusalimu. Presha yake imetulia. Mjomba Mwishehe kahamia Kunduchi kwa mke mdogo, na hilo Mama hataki lizungumzwe wakati wa kula. Mie nilipata homa kidogo katikati ya mfungo, nikala siku kadhaa. Sasa sijambo.

Nadhani umeshasikia kuwa nimerudi kwa Mama. Baada ya arobaini ya marehemu mume wangu, ndugu zake walikuja Mbagala na pikapu. Wakabeba friji, kitanda, makochi, redio, hadi mapazia. Nyumba wakasema ni ya ukoo wao, kiwanja alipewa Mfaume na baba yao. Nilikaa kwenye ngazi nikawatazama. Mtu aliyezika mtoto Mei na mume Oktoba agombane na nani? Kitu kimoja walikiacha, ile kompyuta niliyouziwa kazini shirika lilipobinafsishwa na sie wapiga taipu tukapunguzwa. Shemeji alibonyeza ikakataa kuwaka, kumbe umeme umekatika. Akasema, "Televisheni mbovu hii, mwachieni."

Basi iko hapa chumbani. Ndani yake kuna mchezo wa nyoka. Siku moja nilibonyeza vibaya, badala ya kuucheza yakafunguka maandishi yake yote, mstari kwa mstari, maneno ambayo mtu kakaa akayaandika. Nikabadilisha namba moja tu, nyoka akawa wa rangi ya waridi. Abdul, sijawahi kufurahi vile tangu msiba.

Nataka kutengeneza wangu. Mwanamke anatoka nyumbani na ndoo, anatafuta bomba linalotoa maji hapa Mtoni, anarudi nayo kichwani bila kumwaga. Kuna mashimo, kuna baiskeli za wauza mkaa, kuna mbwa wa Mzee Fakihi. Nimeona njia tatu. Ya kwanza ni hii QBasic, lugha ya kuandikia programu, ambayo imo kwenye mashine tayari. Ya pili ni lugha nyingine, Pascal, kitabu chake kipo pale dukani ninapopiga taipu siku hizi. Ya tatu nimeisoma kwenye gazeti la kompyuta aliloliacha Mzungu mmoja: programu maalumu ya kutengenezea michezo, huandiki chochote, unachagua picha na kubonyeza. Wewe ndiye unayesomea mambo haya, nishauri. Ila swali langu ni moja. Ipi inamalizika haraka?

Dada yako,
Mwanaasha


Poona, India
24 Machi 1996

Dada Mwanaasha, shikamoo.

Waalaykum salaam. Mimi mzima. Chakula ni dengu mchana na dengu jioni, na joto limeanza. Mitihani inakaribia. Mwambie Mama presha haitaki chumvi, hata kama daktari aliyemwambia hivyo ni kijana kuliko mimi.

Habari ya Mbagala niliisoma, nikairudia, kisha nikatoka nje kutembea. Ninachofikiri juu ya watu wale sitakiandika. Pole sana, dada.

Sasa hili la kompyuta. Nimefurahi, lakini nitakuambia kama walimu wetu wanavyotuambia sisi. QBasic ni ya watoto. Ukiizoea inakupa tabia mbaya ambazo baadaye hazitoki. Ile ya kubonyeza ndiyo mbaya kabisa, maana mchezo watakuwa wameutengeneza wale walioandika programu, wewe utakuwa umepanga picha tu kama mtu anayebandika stempu. Anza na Pascal. Miezi sita utajua misingi. Kisha ingia kwenye lugha ya C, na hapo ndipo utengeneze mchezo wa kweli, wenye muziki, wenye mtaa mzima wa Mtoni. Mwaka mmoja, mwaka na nusu, utakuwa fundi. Nimekuwekea disketi mbili za Pascal ndani ya bahasha hii, nimezikinga kwa kadibodi.

Na haraka ya nini? Nani anakukimbiza?

Mdogo wako,
Abdulrahman


Mtoni
5 Mei 1996

Mpendwa mdogo wangu,

Iddi ya kuchinja imepita, jirani katuletea mguu wa mbuzi. Mama alikwenda Kunduchi kumgombeza Mjomba, akarudi kapatana na yule mke mdogo. Sasa wanakaanga samaki pamoja wanauza. Ajabu ya Mungu. Anauliza kama ni kweli Wahindi huwaozesha wanafunzi kwa nguvu.

Disketi moja ilifika imekunjika kama chapati. Nyingine ilifunguka. Nimehangaika na hiyo Pascal yako wiki tatu. Nimeweza kuifanya iandike jina langu na kujumlisha namba. Mwanamke wangu hajapata hata mguu. Nikisahau nukta mkato mahali pamoja inagoma kazi yote, kama karani wa serikali ukimkuta anafunga dirisha. Na umeme ukikatika sijahifadhi, naanza upya.

Halafu nilitoka mkanda wa jeshi ubavuni. Malengelenge yanawaka utasema umepakwa pilipili, nguo huwezi kuvaa. Umekauka, umeacha kovu tu. Nimekonda kidogo. Dukani wananambia nimependeza.

Umeuliza nani ananikimbiza. Hakuna. Lakini nisikilize. Shule niliiachia kidato cha pili Baba alipofariki. Nyumba ya Mbagala tulijenga mpaka bati, sijapaka hata rangi ya mlango. Mtoto nimemlea miezi minane. Kila nilichokianza, mtu mwingine ndiye aliyekikata. Nataka kitu kimoja nikianze mie na nikimalize mie. Si lazima kiwe kizuri. Kama kuna mtu anakuja nyumbani, nakuomba umpe ile ya kubonyeza.

Dada yako,
Mwanaasha


Poona
9 Juni 1996

Dada, shikamoo.

Tumepata habari za meli iliyozama ziwani. Sisi Watanzania wa hapa tulikusanyika chumbani kwa mwenzetu mtu wa Bukoba. Alikuwa hajui nani wa kwao alikuwamo. Tulikaa naye mpaka usiku. Mungu awarehemu.

Pole kwa huo mkanda. Kula vizuri, mwambie Mama akutafutie maziwa.

Kuhusu Pascal, wiki tatu si kitu. Mimi niliteseka muhula mzima. Una miaka thelathini na moja, dada, una muda wote wa kujifunza kitu kikakaa. Watu wanaotaka kumaliza haraka ndio wanaojaza dunia vitu vya ovyo. Hata hivyo sitaki useme nimekunyima. Rafiki yangu Albano, mtu wa Masasi, tunalala chumba kimoja, anakwenda likizo mwezi ujao. Atakuletea programu ya kubonyeza kwenye disketi. Nakuonya mapema kwamba inataka Windows, na inataka mashine yenye nguvu kuliko yako. Ikikataa usinilaumu, rudi kwenye Pascal.

Wako,
Abdulrahman


Mtoni
28 Julai 1996

Abdul,

Salaam nyingi. Albano kafika. Kijana mstaarabu, kala wali wa nazi sahani mbili. Mama kampenda, anasikitika tu kuwa Mkristo.

Programu imegoma kama ulivyosema. Albano aliinamia mashine mchana kutwa, jasho linamdondokea kwenye kibodi, mwisho akasema, "Dada, hapa ni sawa na kupakia lori kwenye baiskeli." Basi nimeachana na ya kubonyeza, nimeachana na Pascal. Nimerudi kwa QBasic yangu ya watoto.

Na mwanamke amepata miguu! Anatembea. Tatizo ni kwamba kila akipiga hatua anaacha mwili wake nyuma. Akifika bombani kioo kizima kimejaa wanawake wenye ndoo, foleni kama ya hapa kwetu kweli. Nilicheka mpaka Mama akaja kutazama kuna nini. Nifanyeje?

Siandiki marefu. Mkono umechoka.

Mwanaasha


Poona
1 Septemba 1996

Dada yangu Mwanaasha, shikamoo.

Albano amerudi. Visheti vya Mama vimefika, vimevunjika vimekuwa unga, tumekula kwa kijiko. Amenisimulia habari za nyumbani. Tulizungumza mpaka chai ikapoa.

Nimefikiri tena juu ya ushauri wangu. QBasic inatosha. Ndiyo hasa inayokufaa, kwa sababu imo tayari na umeshaanza kuielewa. Yale mengine niliyoandika yaache.

Ili mwanamke asiache mwili wake nyuma, fanya hivi: kabla hajapiga hatua, mchore palepale aliposimama kwa rangi ya ardhi. Atafutika. Kisha mchore mbele. Nimekuandikia mistari yenyewe kwenye karatasi ya pili, ipige kama ilivyo.

Halafu punguza, dada. Mtaa mmoja, usizidi kioo kimoja. Bomba moja. Toa mashimo, toa baiskeli, toa mbwa. Muziki usiweke. Akifika nyumbani na maji, andika MWISHO. Huo ni mchezo kamili, hakuna mtu atakayesema si mchezo. Ukifanya kidogo kidogo kila umeme unapokuwapo, utamaliza hata kabla mvua za vuli hazijakolea. Ukichoka, lala. Mwambie Mama akupikie uji wa ulezi, uutie siagi. Ukikwama niandikie siku hiyohiyo, usingoje upate habari nyingine za kujaza ukurasa. Nami nitajibu siku hiyohiyo.

Nilitaka kuja Desemba. Haiwezekani. Albano alilipiwa na kwao, lakini tiketi yangu ya ufadhili hutoka nikimaliza masomo.

Mdogo wako akupendaye,
Abdulrahman


Mtoni
6 Oktoba 1996

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikasema, kumbe Albano ana macho. Siku aliyokuja nilikaa kwenye kiti kabla hajaingia, nikajifunika khanga mbili, sikuinuka mpaka alipoondoka. Nikamwomba asikwambie. Usimgombeze.

Wewe hukuandika, basi mie nitaandika, maana Mama hataki neno lenyewe litamkwe humu ndani. Ni ukimwi. Nilipimwa Februari, kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Ndio uliomchukua Mfaume na ndio uliomchukua mtoto, ingawa yule tulimzika tukisema kifua na huyu tukisema surua. Majirani wanajua. Mwenye duka kanambia nikapumzike mpaka nipate nafuu. Nilikuwa sijafika hata barabarani, nikageuka, nikamwona katoa kiti changu nje anakimwagia dawa ya chooni. Lakini Mama ananiogesha kwa mikono yake na tunakula sahani moja. Nikimkataza ananiambia, "Nyamaza ule."

Sasa unajua kwa nini niliuliza vile. Sikutaka unijibu kama mgonjwa. Nilitaka unifokee kama mwanafunzi mvivu. Zile barua zako za kujivuna nilizipenda, Abdul. Uliposema mwaka na nusu, nilikasirika, halafu nikakaa siku nzima nikijiona ni mtu mwenye mwaka na nusu. Hii ya Septemba ni nzuri na inasaidia, lakini niliposoma nilijua umeshanililia.

Tuzungumze mchezo. Rangi ya ardhi imefanya kazi, hakuna foleni tena. Baiskeli nimetoa. Mashimo nimetoa, ingawa Mtoni bila mashimo ni uongo. Bomba ni moja. Mbwa simtoi. Bila mbwa ni mwanamke anatembea na ndoo, na hao wanapita hapa dirishani kutwa. Vidole vya kushoto vimekufa ganzi. Napiga kwa mkono mmoja, mie ambaye ofisi nzima hakuna aliyenifikia kwa kasi. Kazi ya asubuhi moja inanichukua wiki. Ila inasogea.

Usilie tena, andika.

Mwanaasha


Mtoni
10 Novemba 1996

Abdul,

Nimemaliza.

Disketi ni hiyo. Mbwa anakimbia. Akikufikia maji yanamwagika na unarudi bombani. Kuna kosa moja nalijua, ukigonga ukuta wa msikiti upande wa kulia unapita katikati yake. Nimeliacha hivyohivyo, sina nguvu ya kulitafuta.

Cheza, uniambie kama ni mgumu.

Dada yako


Poona
4 Desemba 1996

Dada yangu Mwanaasha, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa bado nimesimama. Disketi imefika leo asubuhi, nzima, haikukunjika. Nimekimbia kipindi, nimekwenda moja kwa moja chumba cha kompyuta, na Albano nyuma yangu.

Nikaufungua kwenye mashine mpya walizotuletea mwaka huu. Sikuona kitu. Mwanamke katoka, mbwa kamrukia, maji chini, yote kabla kidole changu hakijagusa kibodi. Nikarudia, vilevile. Albano akasema, "Dada yako ametengeneza mbwa au risasi?" Ndipo nikafungua maandishi yako, nikaona ulivyofanya. Umemwambia mbwa ahesabu mpaka elfu mbili kabla ya kila hatua, ili asikimbie mno. Kwenye mashine yako kuhesabu huko kunachukua muda. Hizi mpya zinamaliza hesabu kufumba na kufumbua.

Ningeweza kubadilisha namba. Sikutaka kugusa chochote chako. Pembeni mwa chumba kuna mashine ya zamani ya aina kama yako, imefunikwa plastiki, hakuna anayeitaka. Tuliifuta vumbi na kuichomeka. Hapo ndipo mwanamke wako alipotembea.

Dada, nimeona nyumba ya Mama. Nimeona umeweka mlango wa buluu na ngazi mbili. Nimeona duka la kona na kile kibanda cha viazi. Mbwa ni yuleyule wa Mzee Fakihi, mpaka mkia umempinda. Nilimwaga maji nikamwaga tena, Albano ananipigia kelele, "Kata kushoto! Kushoto!" Mwisho niligundua kuwa mbwa wako hawezi kona, akishika kasi anapitiliza. Sijui ulikusudia au ni kosa jingine. Nikamchezesha pale kibandani, akapita, nikaingia nyumbani na ndoo imejaa. Ikaandika MWISHO, na chini yake, UMETENGENEZWA NA MWANAASHA ABDALLAH, MTONI.

Umeniuliza kama ni mgumu. Ni mgumu, na mtu akishindwa anataka kurudia. Mwalimu wetu anasema hilo ndilo gumu kulipata kuliko yote. Ukuta wa msikiti nimelijua tatizo lake, ni alama moja tu imegeuka. Nitakueleza kesho, nikishatulia.


5 Desemba

Bahasha ilikuwa bado haijafungwa. Telegramu ya Mjomba imefika leo mchana. Inasema mmemzika Jumapili.

Mama, shikamoo. Barua hii sasa ni yako. Mjomba akusomee yote, pamoja na huko juu ambako nilikuwa nazungumza na dada. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Sitawahi hata arobaini. Nimesoma Yasini hapa chumbani, na Albano amekaa nami ameinamisha kichwa mpaka nilipomaliza.

Albano aliniambia ulimlalamikia kuwa mashine ile inammaliza mwanao, hali, halali, yuko nayo tu. Nataka ujue alichokuwa akifanya mle chumbani. Alikuwa anatengeneza kitu, Mama, na kimekamilika. Nimekiona kwa macho yangu.

Baada ya Yasini nilirudi kule chumba cha kompyuta, kwenye ile mashine ya pembeni. Msimamizi, mzee mmoja wa Kihindi asiye na maneno mengi, akaja kuniambia muda umekwisha, anataka kufunga. Nikamwambia dada yangu amefariki. Akasimama, akatazama kioo. Akaniuliza mwanamke huyu anakwenda wapi. Nikamwambia anapeleka maji nyumbani. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu. Nikaanza tena tangu mwanzo.

Mwanao,
Abdulrahman